Barua Iliyoandikwa Juu ya Kioo

Geumnyeo alipoharibu karatasi ya kumi na moja, aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya kibanda chake cha vitoweo, akaitazama karatasi ile kama mtu anavyotazama chungu alichokivunja mwenyewe. Ilikuwa karatasi ya maganda ya mforosadi, ya rangi ya maziwa, laini kuliko shavu la mtoto. Wino ulikuwa umetambaa pande zote kama maji yaliyomwagika sakafuni. Alikuwa amejaribu kukwangua kosa kwa wembe, na pale alipokwangua pakatoboka.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini, maana jirani yake muuza samaki alikuwa na masikio marefu. "Wewe unajua ninachotaka kuandika. Mbona mkono wangu haujui?"

Barua yenyewe haikuwa ndefu. Binti yake wa pekee, Seulbi, angeolewa mwezi unaofuata na kijana wa Jeonju aitwaye Dowon. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kuacha zawadi nzito, magodoro ya hariri na vijiko vya fedha. Kingepelekwa chakula tu, kimefungwa vizuri kwenye masanduku, na juu yake barua ya mama wa bibi arusi kwa mama wa bwana arusi, iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Mama yake Dowon, Shemasi Ham Ilseon, alisema kwenye simu kwa sauti yake ya upole, "Mimi sihitaji kitu, mkwe mwenzangu. Barua yako tu inatosha."

Barua tu! Angesema anataka ng'ombe, Geumnyeo angejua pa kuanzia.

Alikuwa na miaka sitini na tano, na kuandika alijifunza akiwa na sitini na moja, katika darasa la jioni chini ya kanisa lao hapo Suncheon, kusini mwa Korea. Seulbi alipokuwa shuleni, barua zote za walimu alizijibu mwenyewe kwa niaba ya mama yake, na sahihi akaweka. Shemasi Ham hakuyajua hayo. Alichojulikana nacho Shemasi Ham ni kwamba alikuwa amenakili Maandiko yote kwa mkono, mwanzo hadi mwisho, mara mbili, na madaftari yake yaliwekwa ndani ya kabati la kioo mlangoni mwa kanisa lao.

"Mama, hebu acha kujitesa," Seulbi alimwambia kwenye simu. "Siku hizi watu wote wanaagiza. Kuna maduka kwenye mtandao. Unachagua mwandiko unaoupenda, wanakuandikia, wanakuletea mpaka mlangoni."

"Mwandiko unachaguliwa kama kitambaa?"

"Ndiyo."

"Na wa mama yako umo kwenye orodha?"

Seulbi akacheka.

Geumnyeo alikuwa ameshaweka ahadi. Alfajiri moja kwenye maombi ya kanisani, wenzake wakilia na kuita kila mmoja shida yake, yeye alimwambia Mungu kwamba barua ile ataiandika yeye. Hakuomba iwe nzuri. Baadaye alijuta kwamba hakuomba na hilo.

*

Darasani walikuwa wanawake tisa, na mdogo kuliko wote alikuwa na miaka hamsini na nane. Mwalimu wao, Bwana Guk, alikuwa mstaafu wa reli, mtu mwembamba aliyeendesha kipindi kama ratiba ya treni. Mwaka ule jiji lilikuwa limewapa vishikwambi kumi, kila kimoja na kalamu yake nyeupe isiyo na wino.

"Leta hiyo barua huku," Bwana Guk alisema aliposikia habari ya karatasi kumi na moja. "Utaiandika juu ya kioo. Ukikosea, unafuta, hakuna kinachotoboka. Ikikamilika tunaipeleka duka la kuchapa, wanaitoa kwenye karatasi yako ya mforosadi. Atakayeiona ataona mwandiko wa mkono."

"Ataona mwandiko wa kuku," alisema Okbun, aliyekuwa na miaka sabini na mbili na ulimi usiozeeka. "Mdogo wangu, wewe unabonyeza kalamu kama unaponda vitunguu saumu. Kioo hicho ni cha serikali."

Geumnyeo akaishika kalamu nyeupe, akaandika neno la kwanza. Kioo kiliteleza kama sakafu yenye sabuni. Kalamu ilikimbia mbele ya mkono, na neno lililotokea lilifanana na yale aliyoandika wiki yake ya kwanza darasani, miaka minne nyuma, kabla hajajua mstari unaanzia wapi. Alishtuka. Miaka yake minne ilikwenda wapi? Akaegemeza kiganja ili mkono utulie, na chini ya kiganja ikazuka mistari ambayo hakuiandika.

"Nani anaandika?" aliuliza.

"Kiganja chako," alisema Bwana Guk.

"Sikukiambia kiandike."

Mwalimu akabonyeza mahali, kiganja kikanyamazishwa. Akabonyeza mahali pengine, akasema hapo pana kitulizo cha mkono, na akakipandisha mpaka mwisho. Sasa mstari ulifuata kalamu kwa kuchelewa, kama mbuzi anayevutwa kamba, lakini ulipofika ulikuwa umenyooka, laini, bila tetemeko. Geumnyeo aliandika jina lake. Darasa zima likaja kutazama.

"Mzuri," alisema Okbun baada ya kutazama kwa muda. "Kama maandishi ya pakiti ya tambi. Sasa wa kwako uko wapi?"

Geumnyeo akalitazama tena jina lile. Mkono uliotembea ni wake. Jina ni lake. Lakini angelikuta jina lile limeandikwa ukutani, angelipita bila kuligeukia.

Jioni iliyofuata walikipunguza kitulizo hadi nusu. Seulbi alituma karatasi ya nailoni ya kubandika juu ya kioo, yenye kukwaruza kidogo kama karatasi halisi, na kweli kalamu ikaacha kukimbia. Lakini shida moja ikiondoka huiachia nyingine kiti. Geumnyeo alikuwa akiikuza sehemu anayoandika mpaka herufi moja inajaza kiganja, ili aione vizuri. Alipourudisha ukurasa kwenye ukubwa wake, maneno yalikuwa madogo kama chawa. La pili aliliandika bila kukuza sana, likatoka nene kama fimbo. Mistari minne ya barua ilionekana kama imeandikwa na watu watano waliogombana.

"Usikuze," alisema Bwana Guk. "Andika kwa ukubwa uleule ambao ungeandika kwenye karatasi. Weka mistari ya daftari chini yake. Na utazame ncha ya kalamu, usitazame ulichokwisha kuandika."

"Jana ulisema nikuze."

"Jana ulikuwa hujaona."

Geumnyeo alikubali, ingawa hakuelewa ni nini alichokiona leo.

Katika siku hizo ndipo lilipotokea jambo la Okbun na tunda lake. Okbun alikuwa amechora tunda la persimoni, lile jekundu la vuli linalofanana na nyanya, kupamba shairi lake, na Bwana Guk akawaonyesha kwamba kishikwambi kinakumbuka. Alibonyeza alama ya pembetatu, na mchoro ukaanza kujichora wenyewe tangu mwanzo, mstari kwa mstari. Tunda lilizaliwa na mkia. Mkia ukafutwa. Likaota masikio. Masikio yakafutwa. Wanawake walicheka mpaka mmoja akatoka nje kutafuta choo.

"Kumbe kinachofutwa hakifutiki?" aliuliza Geumnyeo, yeye peke yake asiyecheka.

"Kwenye ukurasa kimefutika," alisema Bwana Guk. "Kwenye kumbukumbu kipo. Hakuna atakayekitazama."

*

Kosa kubwa lilitokea wiki ya pili. Bwana Guk alikuwa na desturi ya kupita kila meza na kusahihisha kwa rangi nyekundu juu ya kioo. Jioni ile alimsahihisha Geumnyeo neno moja, akaitwa na mwingine, akaondoka bila kurudisha rangi nyeusi. Geumnyeo aliinamisha kichwa, akatazama ncha ya kalamu kama alivyoagizwa, akaandika juu kabisa ya barua: Kwa Shemasi Ham Ilseon, mkwe mwenzangu. Wekundu kwenye ukurasa wake ulikuwa jambo la kila siku, jicho lake halikustuka. Alimaliza herufi ya mwisho, akainua kichwa.

Jina la mkwe wake lilikuwa jekundu kama damu ya jogoo.

Alipiga kelele. Bwana Guk akadhani ni panya, akapanda juu ya kiti.

Hakuna mtu pale aliyehitaji kuelezwa. Jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa nyekundu. Nyekundu ni ya wafu. Hata mtoto wa chekechea, akiwa na kalamu moja tu na ni nyekundu, ataazima nyingine kabla ya kuandika jina la mwenzake.

"Umemzika mama wa watu kabla hajala vitoweo vyako," alisema Okbun.

"Nyamaza, dada!"

"Sisi ni watu wa kanisa," alisema Bwana Guk akishuka kwenye kiti. "Hatuamini mambo hayo." Lakini naye alilifuta jina lile haraka haraka kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaufuta na mkono kwenye suruali.

Alfajiri iliyofuata Geumnyeo alipiga magoti mapema kuliko wengine. "Baba," aliomba, "sikukusudia. Mlinde mama yule. Na kama haya ninayoyaogopa ni upuuzi, nisamehe upuuzi. Na kama si upuuzi, mlinde zaidi." Aliondoka bila kujua ni ombi lipi kati ya yale lililokuwa la imani.

Tangu siku hiyo aliandika kwa woga, na mkono wenye woga hauna mwandiko. Neno "mkwe" lilikuwamo mara saba ndani ya barua, na kila mara lilitoka tofauti, moja limelala, jingine limesimama kama askari. Aliliandika, akalifuta, akaliandika tena. Jioni moja tu alilihesabu mara thelathini na nne. Kwenye ile ya thelathini na nne likatoka zuri, lenye uzito, na mwishoni mkono uliteleza kidogo ukaacha kimkia kinachopanda juu. Kimkia chenyewe kilipendeza.

"Sasa lishike hilo," alisema Bwana Guk, aliyekuwa amechoka. "Lizungushie mstari hivi. Linyanyue. Haya, liweke popote unapotaka. Mara saba."

"Bila kuandika?"

"Umeshaandika."

Geumnyeo aliwaza. Mkono ni wake, neno ni lake. Akaliweka mara saba. Kisha akalishika na neno "asante" lililo bora, akaliweka mara tatu, na jina la Seulbi mara nne. Barua ikatulia kama uso wa mtu aliyeoga. Katikati yake ilisema:

Namleta kwako binti yangu. Kupika hajui sana, na kosa ni langu, nilikuwa sokoni. Akikasirika hunyamaza siku mbili, usimwulize, siku ya tatu atakula. Mimi sina elimu, mkwe, nina binti tu.

Duka la kuchapa likaitoa kwenye karatasi ya mforosadi. Geumnyeo aliiweka juu ya masanduku ya chakula, juu ya mbavu za kuchemsha, vibanzi vya samaki na keki za mchele, akafunga kitambaa cha waridi kwa fundo la ua. Seulbi na Dowon wakayapakia garini, wakaenda Jeonju.

*

Desturi inataka mama wa bwana arusi ajibu. Siku tatu zikapita, tano, tisa. Siku ya kumi Seulbi akapiga simu, na Geumnyeo akajua kwa jinsi alivyovuta pumzi.

"Chakula wamekipenda sana, Mama."

"Na barua?"

"Amesema ni nzuri."

"Seulbi."

"Amemwuliza Dowon imeandikwa na duka gani." Seulbi alianza kusema kwa haraka. "Hakusema kwa ubaya, Mama. Lakini amesema hajui amjibu nani, maana mwenye kuandika hamjui. Sasa sikiliza. Mwambie tu ni duka. Kila mtu anaagiza, hakuna aibu. Utamwambia ulikuwa na kazi nyingi, yataisha."

Geumnyeo alisimama na simu sikioni, mkono mwingine ukiwa ndani ya beseni la kabichi. Kama angekuwa amedanganya, ingekuwa adabu. Kwa kuwa hakudanganya, imekuwa udanganyifu. Akisema uongo ataaminiwa. Akisema kweli hataaminiwa. Mambo haya yalipinduka saa ngapi?

"Nimeiandika mimi," alisema.

"Najua, Mama."

"Unajua?"

Kimya kilikuwa kifupi tu, lakini kilikuwapo. Geumnyeo akaosha mkono, akavua aproni.

Kesho yake alimwomba Bwana Guk kishikwambi aende nacho Jeonju. "Cha jiji hakitoki nje ya jengo," alisema mwalimu, kisha akamtazama usoni, akakifunga yeye mwenyewe ndani ya kitambaa. "Ukifika, bonyeza pembetatu," alisema. "Akiona unavyoandika, atajua." Halafu wote wawili wakakumbuka jambo moja kwa pamoja.

"Na lile jekundu limo?" Geumnyeo aliuliza.

"Limo."

"Huwezi kulitoa?"

"Nilijaribu usiku ule ule," alisema Bwana Guk kwa unyonge. "Ukilitoa hilo, inatoka yote."

*

Nyumba ya Shemasi Ham ilinukia mti mkavu. Mwenyewe alikuwa mwanamke mdogo, mgongo umenyooka, nywele zimekatwa fupi. Alimkaribisha kwa heshima zote, akamketisha kwenye mto, akaleta chai ya tangawizi na matunda makavu, akasifu mbavu, akasifu samaki. Barua ilikuwa juu ya meza ndogo, imekunjuliwa. Ilikuwa ikimsubiri.

"Mkwe," alianza Geumnyeo, "barua hii ni mkono wangu."

"Ni barua nzuri sana."

"Ni mkono wangu, Shemasi."

Shemasi Ham akavuta pumzi, akaisogeza barua. "Mama Seulbi, mimi si mtu wa kutafuta makosa. Lakini tazama. Neno hili, na hili, na hili la chini. Yote yana kimkia. Kimkia kilekile, kinapanda pale pale." Aliweka ncha ya kidole juu ya kila kimoja, taratibu, kama mtu anayehesabu mishono. "Mimi nimenakili Maandiko mara mbili. Neno 'Bwana' nimeliandika maelfu ya mara, nikiwa mzima, nikiwa mgonjwa, nikiwa nimemkasirikia huyo Bwana mwenyewe. Sijapata kuona mawili yanayofanana. Mkono wa mtu haufanyi hivi."

"Wa kwangu umefanya."

"Basi mkono wako umeajiriwa dukani," alisema Shemasi Ham, akatabasamu ili isiwe tusi, ikazidi kuwa tusi.

Geumnyeo alifungua kitambaa. Angeweza bado kusema, ndiyo, ni duka, kazi zilikuwa nyingi, na wangekunywa chai. Aliliona neno hilo limekaa tayari mdomoni mwake, laini, limenyooka, bila tetemeko. Baba, aliomba moyoni, nishike mkono, maana wa kwangu umezoea kuteleza. Akakiweka kishikwambi mezani.

"Humu ndani mna siku zote nilizoandika," alisema. "Kuna kitu kimoja utakiona hakitakupendeza. Nakuomba msamaha kabla." Akabonyeza pembetatu.

Ukurasa ukawa mweupe. Kisha likatambaa neno la kwanza, limepinda kama mnyoo juani, likafutwa. Likaja lililonyooka kupita kiasi, likafutwa. Yakaja ya chawa na ya fimbo. Shemasi Ham alivaa miwani, akasogea. Yale waliyoyafanya kwa wiki tatu yalikuwa yakikimbia kwa dakika chache, maneno yakizaliwa na kufa kama mapovu ya supu.

"Kwa nini hukuandika kwenye karatasi?" aliuliza bila kuinua macho.

"Kuandika nimejifunza nikiwa na miaka sitini na moja. Nabonyeza sana. Karatasi zilichanika kumi na moja."

Shemasi Ham akazidi kukiinamia kioo. Na hapo, juu kabisa ya ukurasa, likaanza kuandikwa jina lake kwa rangi nyekundu. Halikuwa na haraka. Herufi moja ikakamilika, ya pili, ya tatu, zikakaa pale kubwa na nyekundu katikati ya weupe. Kisha mkono wa mtu mwingine ukalifuta kwa mikwaruzo mitano ya fujo.

Geumnyeo alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. Mkwe wake alikuwa ameweka kiganja kifuani.

"Sisi ni watu wa kanisa," Shemasi Ham alisema taratibu. "Hatuamini mambo hayo."

"Hatuamini," alikubali Geumnyeo.

"Hata kidogo." Akameza mate. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu jioni. Kalamu ya mwalimu. Nilipiga kelele, mwalimu akadhani panya, akapanda kwenye kiti."

"Akapanda kwenye kiti?"

"Miguu yote miwili."

Kitu fulani kilipita kwenye uso wa Shemasi Ham, na Geumnyeo hakuweza kujua ni hasira au ni kitu kingine. Juu ya kioo neno "mkwe" lilikuwa sasa likiandikwa na kufutwa, likiandikwa na kufutwa. Wanawake wawili walilitazama mpaka ya thelathini na nne, kimkia kikapanda, duara likalizunguka, likaanza kuruka huku na huko na kutua mara saba.

"Rudisha nyuma," alisema Shemasi Ham.

"Wapi?"

"Pale nilipouawa."

Lilirudishwa. Alilitazama jina lake jekundu likiandikwa tena mpaka mwisho, safari hii kichwa kimeinama upande, kama mtu anayepima kola ya shati. "Duka gani lingethubutu," alisema hatimaye, na sauti yake ikaanza kutikisika. "Duka gani hapa nchini lingemwandikia mkwe jina kwa nyekundu! Wangefunga mlango siku ileile." Akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, akijifuta macho kwa kona ya kitambaa cha waridi, na Geumnyeo akacheka pamoja naye, bila kuelewa ni kwa namna gani kosa lake baya kuliko yote ndilo lililoaminiwa.

"Ni wewe," alisema Shemasi Ham. "Haya. Ni wewe." Kisha, akiwa amenyooka tena, "Lakini kioo kikizimwa, kisibaki kwenye jina langu."

Geumnyeo akakizima haraka.

Shemasi Ham alivuta sanduku la mbao, akatoa karatasi na kalamu ya brashi. Jibu la barua hupelekwa, haliandikwi mbele ya mgeni, na Geumnyeo akaanza kuinuka. "Kaa," aliambiwa. Akakaa. Aliutazama mkono ule uliokwisha kunakili Maandiko mara mbili ukishuka na kupanda bila kusimama, maneno yakishikana kama watoto waliopangwa mstari kuvuka barabara. Wino haukutambaa. Hakuna kilichofutwa. Karatasi ikapulizwa, ikageuzwa, ikasukumwa upande wake.

Ilianza: Kwa Mama Seulbi.

Katika maisha yake yote Geumnyeo hakuwahi kupata barua aliyoandikiwa yeye, akaisoma yeye. Alivaa miwani. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti, kama walivyofundishwa, bila kuruka. "Nimempokea binti yako. Siku mbili za kunyamaza ni chache, mume wangu hunyamaza wiki. Wakati wowote ukija Jeonju..." Akakwama. Neno lililofuata lilikuwa mstari mmoja tu, wenye kilima na bonde, umepita kama upepo. Akasogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu. Miaka minne ya darasa, na amekwama mbele ya huyu!

"Mkwe, nisamehe," alisema. "Hili silijui. Bado sijafika huko."

"Lipi?" Shemasi Ham akaichukua karatasi, akavua miwani, akaivaa tena. Midomo yake ilicheza kimya. Akaigeuza karatasi kuelekea dirishani.

"Wakati wowote ukija Jeonju..." alisoma, akaanza upya. "Wakati wowote ukija..."

"Ndiyo, mkwe?"

"Ngoja kwanza," alisema Shemasi Ham. "Hata mimi sijui hapa niliandika nini."